Mchezo wa mama, mchezo wa simu

 

Wiki iliyopita kwenye kipindi tuliongea habari za pesa za familia: nani anatuma nyumbani, nani anashika simu ya mama, nani anajua nywila za benki za watu wazima. Mtakumbuka mimi nilinyamaza karibu dakika kumi nzima. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama maikrofoni yangu iliharibika. Haikuharibika. Nilikuwa na jambo kooni, na mwenye jambo hilo alikuwa bado hajaniruhusu kulisema. Sasa ameniruhusu. Kaniambia, "Andika, ila jina langu usiliweke, na usinifanye nionekane mjinga." Nitajitahidi.

Nitamwita Yaya, kwa sababu ndivyo ninavyomwita tangu utoto. Ni mtoto wa baba mkubwa. Huku ukieleza hivyo watu wanakusahihisha: ahaa, kumbe ni binamu yako. Sisi hatuna binamu wa hivyo. Mtoto wa baba mkubwa ni kaka, basi. Nyarugusu tulilala mkeka mmoja, na usiku wa mvua yeye ndiye aliyehamia upande unaovuja.

Kwa ambao hawajui, tunaishi Rock Island, Illinois. Ukivuka Mto Mississippi kwa daraja, dakika chache tu, uko Davenport, Iowa. Mto mmoja, majimbo mawili, sheria mbili. Petroli tunanunua upande ulio nafuu, na watu wengi wanalala ng'ambo hii na kufanya kazi ng'ambo ile. Kwa hiyo mwaka 2019 Iowa iliporuhusu kubeti kwenye michezo, habari zilitufikia siku hiyo hiyo, kama harufu ya maandazi ya jirani.

Ngoja nieleze kidogo ilivyokuwa, maana wengi wetu tumekuta matangazo ya kubeti kila mahali na tunadhani yalikuwepo siku zote. Hapana. Tangu mwaka 1992 kulikuwa na sheria ya Marekani nzima iliyoyazuia majimbo kuruhusu watu kubashiri matokeo ya michezo. Nevada lilikuwa miongoni mwa majimbo machache yaliyoachwa yaendelee, ndiyo maana kwenye filamu kila mcheza kamari anakwenda Las Vegas. New Jersey ikaenda mahakamani kuipinga. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta sheria ile, ikasema kila jimbo liamue lenyewe. Haikusema kubeti ni kuzuri. Ilisema tu kwamba serikali kuu haiwezi kuyaamuru majimbo namna hiyo. Lakini majimbo yalisikia kitu kimoja: kodi. Leo ni majimbo zaidi ya 35 yanayoruhusu.

Gavana wa Iowa alitia saini sheria yao tarehe 13 Mei 2019, na dau la kwanza la halali likapokelewa tarehe 15 Agosti mwaka huo. Illinois nayo ilipitisha yake mwezi Juni, ila dau la kwanza lilisubiri hadi Machi 2020. Kwa hiyo msimu ule wote wa kwanza, upande wetu wa mto hakuna, upande wa pili ipo. Na sisi ni watoto wa mipakani, bwana. Kuvuka ndiyo kazi yetu.

Alhamisi ya tarehe 5 Septemba 2019 ilikuwa siku ya kufungua msimu wa NFL, Packers na Bears, kule Chicago. Gari la Yaya lilikuwa bovu. Akanipigia: "Dada mdogo, nipeleke Davenport mara moja." Nilikuwa na miaka 22, yeye 24. Sharti ni miaka 21, tukapita. Tuliingia kwenye kasino, mimi mara yangu ya kwanza, na kusema kweli nilishangaa jinsi ilivyo kama ukumbi wa harusi uliokosa bibi harusi: zulia la maua, taa nyingi, wazee wamekaa peke yao. Sehemu ya michezo ilikuwa mpya, televisheni ukutani kubwa kuliko sebule yetu.

Yaya alipanga foleni akiwa na kitambulisho. Wakati ule sheria ya Iowa ilisema hivi: hadi kufika tarehe 1 Januari 2021, anayetaka kubeti kwa simu ni lazima kwanza aende mwenyewe kasino ajiandikishe mbele ya mtu. Akajiandikisha. Halafu akaweka dola 20 kwa Packers. Nikamuuliza mbona Packers wakati Bears ndio waliopewa nafasi. Akaangalia ukumbi mzima umevaa jezi za Bears, akasema, "Hawa wote hawawezi kuwa na bahati usiku mmoja."

Packers walishinda 10 kwa 3. Mechi mbaya kweli, watu walisinzia. Yaya akapewa karibu dola 50. Akatununulia mabawa ya kuku, tukala ndani ya gari huku tunacheka. Nakumbuka nilisema, "Hii ni rahisi hivi?" Ni mimi niliyesema. Naiandika hapa kwa sababu kwenye hadithi hizi kila mtu husimulia kana kwamba yeye alikuwa mlangoni akikataza.

Sasa tuongee hesabu kidogo. Msikimbie.

Kwenye mechi ambayo pande mbili zimesawazishwa, bei ya kawaida huku ni hii: unaweka dola 110 ili ukishinda upate faida ya dola 100. Chukua watu wawili, mmoja yuko upande huu, mwingine ule. Wote wameweka 110, jumla 220. Mmoja lazima ashinde. Anarudishiwa 110 zake na faida ya 100, yaani 210. Dola 10 zimebaki mezani, na meza ni ya kasino. Kasino haihitaji kujua nani atashinda. Inahitaji tu ninyi wawili mbishane. Na wewe, ili usipate hasara, lazima uwe sahihi zaidi ya mara 52 katika kila mara 100. Inaonekana ndogo. Jaribu mwaka mzima uone.

Halafu kuna mkeka. Nyumbani, Tanzania hadi Kenya, mkeka ni ile tiketi ya mechi nyingi pamoja: zote zikitiki unakula, moja ikikosea mkeka umechanika. Huku wana jina lao lakini ni kitu kile kile. Tuseme umeunganisha mechi nne, kila moja nusu kwa nusu. Uwezekano wa zote nne kutiki ni mara moja katika 16. Ukiweka dola 10, mkeka ukitiki utarudishiwa karibu dola 133. Unaona 133, moyo unaruka. Lakini ili ushinde mara moja kwa wastani utacheza mara 16, na hizo ni dola 160 zilizotoka mfukoni. Katika dola moja ya mechi moja, kasino inakatia karibu senti 5 kwa wastani. Katika dola moja ya mkeka wa mechi nne, karibu senti 17. Ndiyo maana programu zao zinakusukumia mikeka iliyokwisha kusukwa tayari, na zawadi juu. Nani anakusukia mkeka wa bure? Hata bibi yako alikuwa anauza.

Na zile dola 50 za kukukaribisha wanazoita bonasi? Mara nyingi si pesa. Ni ruhusa ya kubeti. Ukishindwa, zimekwenda. Ukishinda, unapewa faida tu, zile 50 zenyewe huzioni. Kwa upande mwingine, yule fundi anayeshinda mara kwa mara kwa akili, kampuni inaweza kumpunguzia kiwango anachoruhusiwa kuweka. Wewe unayeshindwa hawakupunguzii. Unapigiwa simu na mtu mwenye sauti nzuri, anakuuliza hali.

Yaya aliyajua yote haya. Naomba mlisikie hili, maana watu wanadhani wanaobeti hawajui hesabu. Yaya ndiye aliyenifundisha mimi aljebra. Hesabu za dola 110 na 100 ni yeye alinichorea kwenye bahasha ya bili.

Kilichobadilika ni umbali. Mwanzoni kubeti kulikuwa safari. Ilibidi uvae, uwashe gari, uvuke daraja. Ukichoka, hubeti. Theluji ikianguka, hubeti. Mto ulikuwa unamlinda bila yeye kujua. Tarehe 1 Januari 2021 Iowa ikaondoa lile sharti la kwenda mwenyewe, ukawa unajiandikisha popote ndani ya jimbo. Illinois sharti lake liliisha tarehe 5 Machi 2022. Basi mtu amelala kitandani Rock Island, saa nane za usiku, ametoka kiwandani, mikono bado inanuka nyama na dawa ya kusafishia, anafungua akaunti mpya kwa kidole gumba.

Historia ya mto huu ni hiyo hiyo, kumbe. Niliisoma baadaye. Meli za kamari zilianza Iowa tarehe 1 Aprili 1991, Davenport na Bettendorf zikiwa miongoni mwa za kwanza. Sheria ilikuwa kali: dau moja lisizidi dola 5, na hasara ya mtu kwa safari moja isizidi dola 200. Walifikiria watalii, muziki, mwendo wa taratibu majini. Mwaka huo huo Illinois ikaanzisha meli zake bila kikomo hicho. Wateja wakavuka. Mwaka 1994 Iowa ikafuta kikomo. Baadaye meli zikaacha kusafiri, na siku hizi nyingi ya kasino hizo ziko nchi kavu kabisa. Kila kamba waliyoifunga mwanzoni ilifunguliwa, kwa sababu ng'ambo hawakuwa na kamba. Na serikali si mtazamaji hapa. Iowa inachukua asilimia 6.75 ya kile kinachobaki kwa kampuni baada ya kulipa washindi. Illinois inachukua zaidi, asilimia 20 hadi 40, na tangu Julai 2025 inatoza senti 25 au 50 juu ya kila dau. Anayekula mezani hawezi kuwa mtu wa kukuamsha uondoke.

Basi, turudi nyumbani.

Mnajua mchezo. Si mchezo wa mpira, mchezo wa kina mama. Wengine mnaita upatu, wazazi wa Kongo wengi wanasema likelemba. Kwetu walikuwa kina mama 12, kila mmoja dola 250 kwa mwezi. Kila mwezi mmoja anapokea dola 3,000. Hakuna karatasi, hakuna riba, hakuna wakili. Mchezo huo umenunua magari, umelipa amana za nyumba, umezika watu. Mtunza pesa alikuwa mama mkubwa, yaani mama yake Yaya. Tangu 2013 haukuwahi kuchelewa hata siku moja. Mama mkubwa hasomi Kiingereza, lakini huwezi kumdanganya chenji.

Ila kina mama nao walihamia kwenye simu. Badala ya bahasha baada ya ibada, wakaanza kutumiana kwa simu. Na simu ya mama mkubwa inashikwa na nani? Na mwanawe. Pesa zilikuwa zinaingia kwenye akaunti ya Yaya, anazitoa, anampa mama yake, mama anakabidhi. Mwaka mzima hivyo, hakukosekana hata senti. Akaunti hiyo hiyo ndiyo iliyounganishwa na programu za kubeti. Hakuna aliyeliona hilo. Mimi pia sikuliona, na mimi najiita mjanja.

Machi 2022 zamu ilikuwa ya mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa anapanda gari za watu kwenda kazini na alikuwa amepata la kununua. Makabidhiano yalipangwa Jumapili ya tarehe 20. Kufikia katikati ya wiki pesa zote zilikuwa zimeingia kwa Yaya.

Wiki hiyo ilikuwa ya mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo. Yaya alikuwa tayari amepoteza pesa zake, dola 400 na kitu, na alitaka kuzirudisha tu. Neno "tu" hilo. Alichukua dola 1,200 za mchezo akasuka mkeka wa timu kubwa tupu, zile ambazo kila mtu alijua zinapita. Mbili kati ya hizo zilikuwa Iowa na Kentucky. Alhamisi tarehe 17 mchana, Iowa wakafungwa na Richmond, 67 kwa 63. Usiku ule ule Kentucky, namba mbili katika kundi lao, wakafungwa na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey ambacho nusu ya Marekani ilikuwa haijawahi kukisikia. Nchi nzima ilishangilia Saint Peter's. Yaya anasema alikaa kwenye maegesho ya kiwanda, anasikia watu redioni wanacheka kwa furaha, akahisi wanamcheka yeye.

Zilizobaki, dola 1,800, zilikwisha kufikia Jumamosi usiku. Haikuwa mara moja. Ni mara ishirini na kitu, kila moja ikiwa ya kuokoa iliyopita.

Jumapili asubuhi alinipigia akiwa bafuni kwao. Maji yanatiririka ili mama asisikie. Akasema, "Dada mdogo, nimekula mchezo."

Nilidhani natania naye. Nikamuuliza mchezo gani, Packers? Akarudia. Halafu akasema jambo ambalo sitalisahau: "Nipe mia tano. Mia tano tu, hadi jioni nitakuwa nazo zote." Sauti ilikuwa ya kaka yangu kabisa, sauti ya kuomba chumvi. Hapo ndipo nilipoogopa. Pesa zilishakwenda, hilo nilikuwa nimelielewa. Kilichonitisha ni kwamba bado alikuwa ndani.

Sikumpa. Nilimwambia nakuja, tunaingia kwa mama yako pamoja. Akakata simu. Nilivyokuwa naendesha nilikuwa nafikiria kitu kimoja: mimi ndiye niliyempeleka Davenport. Najua, mtu mzima anaweza kwenda mwenyewe. Lakini nilikuwa nafikiria hivyo.

Mama mkubwa alikuwa ameshavaa kitenge cha kanisani. Yaya akapiga magoti akasema yote. Mama mkubwa hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Hao watu wa simu, wana leseni ya serikali?"

"Wanayo, mama."

"Kwa hiyo hawakukuibia."

"Hawakuniibia."

Akavua kilemba, akakikunja, akakiweka mezani. Akasema, "Basi hakuna wa kumshitaki ila mwanangu."

Kisha yeye mwenyewe akawapigia kina mama 11, mmoja mmoja, kabla ya ibada. Hakusema benki imekwama. Hakusema simu imepotea. Alisema, "Mwanangu amecheza kamari na pesa zenu. Nipeni hadi Ijumaa." Aliondoa dola 1,400 alizokuwa anaweka kwa ajili ya nauli ya kwenda kumuona mama yake, bibi yetu, ambaye bado yuko kambini. Mimi nikatoa 600. Yaya akauza gari lake kwa 1,000, kwa bei ya kutupa. Ijumaa mama wa watu akapata dola zake 3,000. Hakuna aliyetaja polisi.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini mwezi uliofuata wawili wao walikuja na chapati na maneno mazuri. "Dada, umebeba mzigo huu miaka mingi. Pumzika kidogo, mwenzetu mwingine ashike." Mama mkubwa akashukuru, akatoa chai, akawakabidhi daftari lake. Hawajamrudishia hadi leo. Bado anacheza mchezo, bado wanamheshimu, wanampa kiti. Ila daftari liko nyumba nyingine. Hicho ndicho kilichopotea, na hakuna programu inayokionyesha kwenye salio.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Mama mkubwa hakuwahi kufika. Hajawahi kulitaja jambo hilo mbele ya Yaya, na Yaya anajua kwamba halitaji.

Sasa, kwa nini nimeandika haya? Si kuwahubiria. Kanisani tulishahubiriwa: kamari ni dhambi. Yaya alisema amina, akatoka, akabeti kwenye maegesho. Dhambi alishajua. Hesabu alijua. Nilimuuliza juzi, ulikuwa unatafuta nini? Akafikiri sana. Akasema, "Kila mtu nyumbani akiwa na shida ananitazama mimi, na mimi nina jibu moja tu: ngoja mshahara. Nilitaka siku moja nisiseme ngoja." Nadhani wengi mnaosoma mnaijua sentensi hiyo kutoka ndani.

Kwa hiyo ninayo machache tu, ya kazi.

Kama wewe ndiye benki ya wazazi wako, pesa zao zisipite kwenye akaunti yako ya kila siku. Fungua nyingine, iwe kwa jina la mama, na simu yake ipokee ujumbe kila senti ikitoka. Hata kama hubeti. Hasa kama unajiamini.

Kama unabeti na bado ni kidogo, weka kikomo kwenye programu leo, wakati bado unaona hakina haja. Na kumbuka ushindi ni kipato mbele ya watu wa kodi, hata usipoletewa fomu yoyote.

Kama umeanza kubeti ili urudishe ulichopoteza, hapo usijipe muda. Namba ya simu ya nchi nzima ni 1-800-GAMBLER, na Iowa wana yao, 1-800-BETS-OFF. Majimbo yana orodha ya kujifungia mwenyewe: unajiandikisha, kasino na programu zinatakiwa kukukataa. Kwa sisi wa mtoni kuna mtego mmoja. Ukijifungia Illinois, Iowa haikujui. Yaya ilibidi ajiandikishe pande zote mbili. Mara ya pili nilimpeleka mimi, kwa gari lile lile, kwa daraja lile lile. Tuliporudi hatukusimama kula mabawa.

Na kama ni ndugu yako, usimpe mia tano. Mpe nauli, mpe chakula, mpe pa kulala, kaa naye akimwambia mama. Pesa mkononi usimpe. Kisha, akishasema ukweli, usimfanye ausema tena kila sikukuu. Sisi tulikosea hapo. Krismasi ya kwanza mjomba mmoja alitania mezani, "Fungeni pochi, Yaya kaingia." Watu wakacheka. Yaya alicheka pia. Usiku huo alinipigia saa nane, tukakaa kwenye simu hadi asubuhi bila kusema mengi.

Nyumbani nako si salama zaidi, msije mkadhani. Mwaka 2019, miezi ile ile Iowa inafungua milango, Kenya ilikuwa inavutana na kampuni kubwa za kubeti kuhusu kodi na leseni, na SportPesa ikatangaza kusimamisha kazi zake huko. Serikali moja inafunga, nyingine inafungua, na simu ni ile ile mfukoni.

Yaya yuko sawa. Amenilipa 600 zangu, amemlipa mama yake 1,400, na kila mwezi anamchangia 250 za mchezo ingawa hakuombwa. Mpira bado anaangalia. Matangazo ya kubeti yakianza anainuka kwenda kuchemsha maji, kwa hiyo siku za NFL tunakunywa chai nyingi sana.

Neno la wiki: mkeka. Kwenye kamusi ni kitu cha kukalia na kulalia, kilichosukwa kwa ukindu. Mtaani ni tiketi ya kubeti. Waulizeni wazazi wenu wanakumbuka mkeka gani, na waliulalia na nani. Mniandikie majibu, nitayasoma kwenye kipindi. Wiki hii maikrofoni yangu itafanya kazi.